Lengo la kujishonea: sketi moja, mara tatu

Kwa mnaojifunza kujishonea hapa Dodoma: lengo lisiwe “nguo 10 mwaka huu”. Liwe sketi ileile mara tatu, kila mara ukiongeza jambo moja tu. Ya kwanza lastiki kiunoni, basi. Ya pili mifuko. Ya tatu bitana, yaani kitambaa cha ndani. (Zipu iache kwanza, kiuno chake hukatwa tofauti.) Inasaidia kwa sababu vipimo unavyo tayari, na kitu kikienda mrama unajua kosa liko wapi: ni mfuko, si sketi nzima. Tunza karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la sketi unayoifuata ukikata kitambaa, na uandike juu yake. Yangu ni gazeti la zamani, pembeni nimeandika kwa kalamu, “nyonga ongeza nusu inchi”, na kitenge cha pili kutoka soko la Majengo kilinikaa vizuri mno.

Mbinu hii inagoma ukihama kutoka kitenge kwenda kitambaa kinachovutika, maana sketi itapwaya. Pia mwili ukibadilika, kama baada ya kujifungua. Hapo pima upya, kata karatasi nyingine. Na kitambaa cha pamba kifue kabla hujakikata, kisije kikarudi baadaye.