Somo: Filta ya oili kwenye Impreza ya turbo, ubaki na ya kiwandani au ufunge seti ya nje?

Somo hili ni la wenye Impreza WRX na STI za injini ya EJ (familia ya injini za Subaru) yenye turbo, kuanzia GC8 (Impreza ya kizazi cha kwanza) na kuendelea. Wenye FA20, injini mpya zaidi ya WRX, msinifuate hatua kwa hatua, filta yenu imekaa juu ya injini na kazi yake ni rahisi zaidi.

Niseme msimamo wangu mapema. Gari la kwenda kazini na kukimbia kidogo wikiendi linatosheka na filta ya Subaru, au mbadala wenye vipimo vilevile. Gari la saketi (uwanja wa mbio) ni habari nyingine, ila hata huko kinachotafutwa ni kuipoza oili, si kuichuja zaidi.

Hatua ya 1: Ijue filta kabla ya kuuliza bei

Ndani ya kopo lile kuna karatasi ya kuchuja, mpira unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa, na vali ya baipasi. Wauzaji wengi watakusifia karatasi. Mimi naangalia vali.

Vali ya baipasi inafunguka pale tofauti ya presha kati ya upande mmoja wa karatasi na mwingine inapozidi nguvu ya springi yake. Ikifunguka, oili inapita bila kuchujwa, kwa sababu beringi ni heri zipate oili chafu kuliko zikose kabisa. Sasa, pampu ya EJ ya turbo inasukuma oili nyingi. Asubuhi ya baridi, oili ikiwa bado nzito, tofauti hiyo inapanda haraka. Filta ya Subaru ya EJ imewekewa springi ya takriban psi 23, yaani kPa 160. Filta nyingi za jumla zinafungua kati ya psi 8 na 15. Kwa hiyo unaweza kufunga filta ya bei kubwa, yenye karatasi safi sana, halafu kila ukikanyaga gari likiwa la baridi oili inaikwepa karatasi hiyo.

Msichanganye namba hii na presha ya kwenye geji. Geji inapima presha ya mfumo: injini ikiwa ya moto, kitabu cha matengenezo kinataka kama psi 14 gari likinguruma bila kukanyagwa mafuta na psi 43 kwenye mizunguko 5000. Psi 23 ya filta ni tofauti tu kati ya kuingia na kutoka.

Filta za wavu wa chuma, zile za kufua na kurudisha, sizipendekezi kwa gari la barabarani. Zinapitisha oili vizuri lakini matundu yake ni makubwa kuliko ya karatasi. Zina maana kwa timu inayofungua filta kila baada ya mashindano kutafuta vipande.

Hatua ya 2: Amua unatatua tatizo gani

Kama joto la oili linapanda kupita nyuzi 120 ukiwa saketi, unahitaji rejeta ya oili yenye kipande cha sandwichi (bamba linalobanwa kati ya injini na filta), tena chenye themostati. Bila themostati oili haitapata joto lake kwenye safari fupi, na unyevu hautakauka.

Kama shida ni kwamba filta imekaa pabaya, katikati ya mabomba ya ekzosi, unaweza kuihamisha kwa mipira (hozi) ya oili. Hapo hesabu viungio: kila kiungio ni mahali papya pa kuvuja, na kwenye njia kuu ya oili mvujo mmoja unamaliza injini ndani ya dakika chache. Impreza ya dereva wa rali Colin McRae iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 ilikuwa na kikosi cha mafundi wa kuikagua. Yako ina wewe na fundi wa mtaani.

Kama huna tatizo, huna sababu ya kufunga seti ya nje.

Hatua ya 3: Kufungua

Pasha injini kidogo, zima, subiri ekzosi ipoe. Pandisha gari kwenye stendi, si jeki peke yake. Mwaga oili kwanza. Funika mabomba ya ekzosi kwa karatasi ya aluminiamu, maana oili ya filta itamwagikia hapo na utanusa moshi siku kadhaa.

Fungua filta taratibu. Mara nyingine ile boliti yenye tundu iliyoshika kipoza-oili cha kiwandani inatoka pamoja na filta. Ikitoka, irudishe na uikaze kwa vipimo vya kitabu kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa pitisha kidole mahali gaskiti inapokaa. Gaskiti ya zamani ikibaki imenata na ukafunga mpya juu yake, filta itashika vizuri ukiwa gereji, kisha itatapika oili yote barabarani.

Hatua ya 4: Pasua filta ya zamani

Wengi wanairuka. Ikate kopo kwa kikata filta (msumeno unaacha chuma chake ndani), tandaza karatasi kwenye mwanga. Vumbi linalonata kwenye sumaku ni chuma cha kawaida cha usugukaji, kikiwa kidogo. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku ni vya beringi. Ukiviona hivyo, acha kuzungumzia filta, zungumza na fundi wa injini.

Hatua ya 5: Kufunga

Paka gaskiti mpya oili, kaza kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Spana hapana. Weka washa (pete ya kuziba) mpya kwenye nati ya kumwagia oili. Chomoa soketi ya sensa ya krenki ili injini isiwake, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, kisha rudisha soketi na uwashe. Ukiwa umefunga sandwichi au mipira, hii si hiari, kwa sababu mipira yote iko tupu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Filta ya Honda inaingia kwenye nyuzi za kufungia filta bila shida. Kwa nini nisiitumie?*

Marahaba. Nyuzi ni M20x1.5, nazo zinatumiwa na Nissan, Mazda na wengine wengi. Kuingia hakukuambii lolote kuhusu springi ya ndani wala kipenyo cha gaskiti. Tafuta namba ya baipasi kwa mtengenezaji. Asipoitaja, achana nayo.

*Mkuu, nikiweka filta ndefu zaidi si napata oili zaidi?*

Unapata kidogo tu. Lakini kwenye EJ filta inaning'inia chini, na ukiongeza sandwichi inashuka zaidi. Kwa barabara zetu za mawe, angalia kwanza kama kava ya chini bado inafunga.

*Turbo yangu ya EJ257 imekufa na fundi anasema ni filta feki. Inawezekana?*

Inawezekana, ila kagua kwanza kale kachujio kadogo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kakiziba, turbo inakosa oili hata filta kubwa ikiwa jenuini. Kabla ya kufunga turbo mpya, hakikisha kamesafishwa au kumebadilishwa boliti.

*Je, sumaku ya kubandika nje ya filta inasaidia?*

Haidhuru. Vipande vya beringi haivishiki, na hivyo ndivyo vya kuogopa.

*Natumia filta ya Subaru, nabadilisha kwa wakati, lakini injini imeanza kugonga.*

Kaka, ulikuwa unapima oili kila lini? EJ ya turbo inabeba lita 4 na kitu tu, na nyingi zinakula oili. Ikipungua lita moja na ukaingia kona kwa kasi, pampu inavuta hewa. Usiiwashe tena. Mwaga oili, pasua filta kama kwenye hatua ya 4, utuwekee picha ya karatasi.