SOMO: Kijana wa sekondari anayeishi kwa krispi, soda na chipsi. Anzeni na saa kumi jioni

Swali ni lile lile kila mara: "Mwanangu wa kidato cha pili hali chakula cha nyumbani, ni krispi na soda tu, nifanyeje?" Nimeyajibu kwa vipande vipande huku na kule hadi nimechoka. Naweka yote hapa. Somo ni la vijana wa miaka 12 hadi 18 wanaosoma kutwa na kulala nyumbani.

Hatua ya 1. Siku 7 usiseme neno. Angalia ndoo ya taka, andika kimeliwa nini na saa ngapi. Begi lake usilipekue.

Hatua ya 2. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti. Kwenye kinywaji tafuta sukari kwa ml 100, kisha zidisha kwa ujazo wa chupa. Soda nyingi za kola zina karibu gramu 10.6 kwa ml 100, kwa hiyo chupa ya ml 350 ina gramu 37, yaani vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshapita. Kwenye vya chumvi, kama wameandika sodiamu, zidisha mara 2.5 upate chumvi yenyewe. Mpaka ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo umehesabu na iliyo kwenye mchuzi. Angalieni pia kama namba ni za gramu 100 au za "sehemu moja". Pakiti moja inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu mbili na nusu, na mtoto anaimaliza peke yake.

Hatua ya 3. Saa kumi jioni. Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo watu wanairuka.

Kijana wa kutwa ameondoka alfajiri na chai ya rangi, au bila chochote. Saa saba amekula makande au ugali maharage. Anafika nyumbani saa kumi au kumi na moja, na chakula cha usiku kwa nyumba nyingi ni saa mbili au tatu. Katikati hapo mwili unaorefuka kwa kasi unadai chakula cha kweli. Duka la Mangi linashinda kwa sababu liko karibu na vitu vyake havihitaji kuwashiwa moto. Kwa hiyo akifungua mlango akute kitu anachoweza kula ndani ya dakika mbili, chenye wanga, protini na tunda. Mfano: viazi vitamu viwili vya ukubwa wa ngumi, yai la kuchemsha na ndizi mbivu. Au mkate vipande viwili na siagi ya karanga, bilauri ya mtindi na kipande cha papai. Au mahindi ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga.

Panapoharibika ni hapa:

Kwanza, mnamwachia kiporo cha kupasha. Kijana mwenye njaa hawashi jiko la mkaa. Atakwenda dukani.

Pili, chakula ni kidogo. Andazi moja na chai havimfikishi popote, nusu saa baadaye anatafuta krispi na mnasema ni mlafi.

Tatu, mnaweka saa kumi na mbili badala ya saa kumi, kisha mnalalamika hali chakula cha usiku. Tatizo hapo ni saa, na chakula hakina kosa.

Nne, na hili msilifanyie mchezo: mayai, dagaa, maziwa na vya nyama vilivyopikwa visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likiwa kali kama la Dar mwezi wa pili, saa moja. Hotpoti si friji. Chakula kilichowekwa humo saa sita na saa kumi kikawa vuguvugu, hilo ndilo joto ambalo vijidudu huzaliana. Chemsheni usiku, vipoe, viingie kwenye friji.

Hatua ya 4. Acheni kununua soda za kreti na biskuti za katoni "kwa ajili ya wageni". Wageni hawazikuti.

Hatua ya 5. Pesa ya matumizi msikate. Mpeni kiasi kinachojulikana na mpaka mmoja tu: vinywaji vya kuongeza nguvu hapana. Mkipiga marufuku kila kitu atakula kwa kujificha, na mtakuwa hamjui tena anakula nini.

Hatua ya 6. Ulimi. Msimwite bonge, msimwite mshale, wala msimlinganishe na binti wa jirani. Anayesemwa mwili wake huanza kuruka chai ya asubuhi, jioni njaa inamzidi, anakula mara mbili. Na kama baba ana soda mkononi kila jioni, hatua zote za juu ni bure.

MASWALI

mama_wawili: Asante kwa somo. Wangu anapenda sana krispi, sasa nimpe nini mbadala?

Mleta somo: Hatua ya 3. Mifano mitatu ipo pale.

mzee_kijana: Sisi tulikula mihogo mikavu na tukasoma. Mnawadekeza hawa watoto.

Mleta somo: Mzee wangu, muhogo wa saa kumi ndio ninaousema. Siku hizi haupo mezani, iliyopo ni pakiti ya krispi. Urudisheni.

juma_tz: Juisi ya boksi si ni matunda?

Mleta somo: Hatua ya 2. Zidisha halafu urudi na jibu.

dada_neema: Sina friji, na natoka kazini saa kumi na mbili. Hatua ya 3 naifanyaje?

Mleta somo: Swali zuri, dada. Tumia visivyohitaji friji: ndizi, embe, karanga za kukaanga kiganja kimoja, mkate na siagi ya karanga, maziwa ya boksi yasiyofunguliwa (chukua boksi dogo la kumaliza mara moja). Bisi pia zinakaa. Sufuria ya lita 4, mafuta vijiko 3 vya chakula, tia punje tatu na ufunike. Zikipasuka, mimina nusu kikombe cha mahindi ya bisi, punguza moto, tikisa. Kifuniko kiache upenyo mdogo mvuke utoke, la sivyo zinakuwa ngumu kama mpira. Chumvi isagwe iwe unga, robo kijiko cha chai. Ya punje kubwa inashuka chini, unaongeza bila kujua.

kocha_wa_mtaa: Wa kwangu ana miaka 15, mazoezi ya mpira saa kumi na moja kamili. Akila vyote hivyo atatapika uwanjani.

Mleta somo: Kweli kabisa, kocha. Mgawie mara mbili. Saa kumi ndizi mbili au kiazi kimoja, na maji. Mafuta na maharage yasubiri. Akirudi ndipo ale yai, mtindi au dagaa, kisha chakula cha usiku kama kawaida. Kwa mazoezi ya muda wa saa moja maji yanatosha, haihitaji kinywaji cha rangi.

mama_wa_form_two: Hivyo vya nguvu anavyokunywa akijisomea mtihani vina ubaya gani hasa?

Mleta somo: Vingi vina kafeini karibu mg 30 kwa ml 100, na sukari kama ya soda. Kopo la ml 250 ni karibu mg 75. Akinywa saa mbili usiku, sehemu kubwa bado iko mwilini saa sita, halali vizuri, asubuhi amechoka, anataka jingine. Muulize analala saa ngapi. Usingizi ndio utakaomsaidia mtihani.

bint_tanga: Samahani kama natoka nje ya mada. Mdogo wangu wa miaka 14 anatafuna mchele mbichi na udongo wa pemba kila siku. Ni tabia tu?

Mleta somo: Hujatoka nje ya mada, na nashukuru umeuliza. Usimgombeze. Hamu ya udongo au mchele mbichi mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, na msichana aliyeanza hedhi yuko kwenye hatari zaidi. Mpelekeni zahanati apimwe wingi wa damu, na minyoo waangalie. Wakati huohuo: dagaa, maini, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha kwenye mimea kufyonzwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, ikae mbali angalau saa moja. Vidonge vya chuma msinunue kabla ya kipimo.

mpishi_pwani: Hizo karanga, wangu wanasema zinalegea baada ya siku mbili.

Mleta somo: Zinalegea kwa sababu zinafunikwa zikiwa moto. Nusu kilo: kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo kikombe cha maji, changanya, anika kwenye ungo zikauke. Kaanga moto mdogo dakika 15 hadi 20 bila kuacha kukoroga, epua kabla hazijawa kahawia kabisa maana zinaendelea kuiva. Tandaza kwenye sinia mpaka zipoe kabisa, ndipo ziingie chupani. Kabla ya yote chambua: zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya ajabu tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga.

mpishi_pwani: Na ubuyu je? Wanaumaliza kilo.

Mleta somo: Ule mwekundu ni sukari na rangi juu ya mbegu. Nunua unga mweupe wa ubuyu uwatengenezee juisi. Ukwaju nao mzuri: robo kilo, maji ya moto lita moja na nusu, loweka nusu saa, kamua, chuja, sukari vijiko 4 vya chakula visivyojaa. Sukari uliyoongeza ni karibu gramu 8 kwa bilauri ya ml 250, wakati soda ya kipimo hicho ni 26. Wakizoea, wiki inayofuata weka vijiko 3.