Kabla hujasindika sosi ya nyanya nyumbani: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Msimu wa nyanya ukichanganya huku kwetu unaona kabisa bei inaporomoka, pita Ilula pale kando ya barabara kuu ndoo zimepangwa mpaka unaona huruma, na za bustanini kwako nazo zinaiva zote kwa mpigo. Kusindika sosi ya tambi kwenye chupa ni wazo zuri sana, shida ni kwamba watu wanachukua maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari wanayafuata hivyohivyo.

Mbeya mjini tupo kama mita 1,700, Iringa iko chini yetu kidogo, Njombe na Makete ndo juu zaidi. Maji yetu yanachemka mapema, hapa Mbeya ni kama nyuzi 94 tu, ndo maana hata maharage yanatutesa. Sasa chupa ya nusu lita ambayo mtu wa Dar anaichemsha dakika 35, Mbeya na Iringa weka 45, na ukivuka mita 1,830 weka 50. Ya lita moja ongeza dakika tano popote ulipo. Dakika unaanza kuhesabu maji yakishachemka kwa nguvu huku yamefunika vifuniko vya chupa, na moto ukilegea yakaacha kuchemka unaanza moja, kwa hiyo pima mtungi wa gesi mapema au uwe na mkaa wa kutosha, na birika la maji ya moto pembeni ya kuongezea.

Hizo dakika ni za nyanya tupu, chumvi sawa. Hapa ndo kwenye ubishi mana kila mtu anataka aweke vitunguu, hoho, karoti, saumu na mafuta ili akifungua amwagie tambi basi. Mimi nasema hapana. Ukichanganya mboga unapunguza uchachu wa nyanya, na kuna bakteria wa botulinum ambaye kwenye chupa isiyo na hewa na isiyo na uchachu wa kutosha anatengeneza sumu inayoua, na inaweza isiwe na harufu wala ladha ya kukushtua. Kuchemsha kwa maji hakumuui huyo, uchachu ndo unamzuia. Presha kuka ya maharage nayo sio suluhisho, haikutengenezwa kwa kazi hii. Kitunguu kikaange siku unayopika.

Na hata nyanya tupu huwa haziaminiki, nyingine uchachu wake ni mdogo, kwa hiyo nunua maji ya limao ya chupani, weka vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, au asidi ya sitriki nusu kijiko cha chai, unaweka ndani ya kila chupa kabla ya kujaza. Limao la mtini ni zuri kwenye chai ila ukali wake unabadilika tunda hadi tunda. Ukiona imekuwa chachu sana tia sukari kidogo.

Kuhusu nyanya zenyewe, chagua ngumu zenye nyama, aina kama Cal J au Rio Grande, usilete zilizooza ukakata upande. Wa Makete na Njombe, mche ukishaungua na baridi ya Juni au Julai nyanya zake usisindike, pika mle. Sosi nzito inataka kama kilo 3 kwa lita, usije ukanunua chupa ishirini kwa ndoo moja.

Maganda: zitumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde 30 hadi 60 mpaka ngozi ipasuke, ingiza kwenye maji baridi, kwenye kikonyo vuta na vidole linatoka lote kama soksi. Ukishakata usiziache zikae, ziende jikoni hapohapo zichemke, ukichelewa sosi inajitenga, maji juu nyama chini.

Chupa ziwe za kioo, hazina ufa mdomoni, ziwe za moto wakati unajaza sosi ya moto la sivyo zinapasuka. Vifuniko viwe vipya, mpira wa ndani mzima. Acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo na kitambaa safi, na chini ya sufuria tandika kitambaa chupa zisigonge bati.

Ukizitoa usizigeuze kichwa chini, ziache zipoe zenyewe usiku kucha. Asubuhi bonyeza katikati ya kifuniko, kikiwa kimeingia ndani na hakirudi juu imeshika, andika tarehe weka kabatini gizani, tumia ndani ya mwaka. Inayolia tik tik peleka friji mle wiki hiyohiyo, na yoyote iliyovimba au kurusha povu ukifungua mwaga yote, hata mbwa usimpe.