Kisa chanjo, usisaini barua ya kuacha kazi

Jamani hii nawaandikia wale mnaofanya kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) huku Uingereza, hasa mliokuja juzi juzi, maana maswali naona ni yale yale, eti bosi anataka kadi ya chanjo ya hepataitisi B (homa ya ini), eti HR, ofisi ya wafanyakazi, wamesema bila chanjo hakuna shifti, dada nifanyeje. Jibu langu la kwanza kabla hata sijakuuliza uko wapi: chochote watakachokwambia, usisaini karatasi inayosema unaacha kazi kwa hiari yako. Usisaini. Mimi nilisaini ndo maana napiga kelele.

Mwaka 2021 nilikuwa nyumba ya wazee moja England, mwaka wangu wa tatu pale, na nina mimba ya wiki 19. Serikali ikatoa kanuni kwamba kuanzia 11 Novemba mfanyakazi wa nyumba za wazee ambaye hajapata dozi mbili za chanjo ya korona asiingie ndani ya jengo. Hiyo ni England tu, Scotland na Wales hawakuwa nayo. Mimi sikuwa mpinga chanjo jamani, mimba ya kwanza ilishanitoka kwahiyo nilikuwa naogopa hata panadol, nikasema nikishajifungua nitachanja. Meneja akaniita ofisini, chai, biskuti, pole nyingi, wote tutakukumbuka, akasema kwa faida yangu ni bora niandike mwenyewe naacha ili refarensi yangu, yaani barua ya sifa kwa mwajiri ajaye, iwe safi. Kuandika kwenyewe hata sikuandika, karatasi ilishachapwa, jina langu liko chini linanisubiri. Nikasaini na asante nikatoa!

Sasa sikia nilichokuja kujua kwa kuchelewa. Ile kanuni haikunibana mimi, ilimbana yeye. Sheria yao ya afya ya jamii ya 1984 inakataza kanuni zinazotungwa chini yake kumlazimisha mtu kuchomwa sindano, na walichofanya hapa ni kumwambia mwenye kituo asimruhusu mtu kuingia mpaka aone ushahidi kwamba kachanja au ana msamaha wa kitabibu. Na wajawazito tulikuwa na msamaha! Wa muda, mpaka wiki 16 baada ya kujifungua, unaonyesha MATB1, cheti cha ujauzito cha mkunga, basi, na hata kabla ya hiyo kulikuwa na fomu ya kujithibitisha mwenyewe iliyokubalika mpaka 24 Desemba. Tumbo langu meneja alikuwa analiona kila siku. Hakulitaja, na mimi mjinga sikuuliza.

Halafu SMP, malipo ya likizo ya uzazi anayotoa mwajiri. Kuipata lazima uwe bado umeajiriwa ikifika wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, mimi niliondoka kabla ya hapo, kwahiyo zile wiki sita za asilimia 90 ya mshahara zikayeyuka nikabaki na posho ya uzazi ya serikali. Angenifukuza yeye ningekuwa na kesi ya kubaguliwa kwa mimba, ambayo haiulizi umefanya kazi miaka mingapi. Ila karatasi inasema nimeacha mwenyewe, sasa utamshitaki nani, kalamu?

Mtego wa pili ni muda wa kushitaki, na hapa ndo Wabongo tunapigwa. Sisi tumezoea CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi ya Tanzania, siku 30 ukiachishwa, na ukichelewa unajaza fomu ya kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya kueleweka. Huku wakati wangu ilikuwa miezi mitatu kasoro siku moja, na lazima kwanza uwapigie ACAS, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni bure. Mimi nikaandika malalamiko ya ndani, wakanijibu kwa adabu tunalifanyia kazi, nikasubiri, Krismasi ikapita, wakajibu tena tunalifanyia kazi. KUSUBIRI MAJIBU YA OFISI HAKUSIMAMISHI SAA. Narudia, rufaa ya ndani haisimamishi saa. Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa 10 Novemba, kwahiyo mwisho wangu ulikuwa 9 Februari 2022. Tarehe 15 Machi serikali ikaifuta ile kanuni, nikafurahi nikapiga simu ACAS kama mtu aliyeshinda, dada wa kwenye simu akaniuliza tarehe, akanyamaza kidogo. Nilijua hapo hapo. (Sheria za ajira huku zinabadilika kwahiyo muda wa sasa kaangalie kwenye tovuti ya ACAS, usinukuu wangu.)

Ndugu wa nyumbani nao, nawapenda ila mh. Shangazi: mwanangu usigombane na wazungu, saini tu Mungu atafungua mlango mwingine. Binamu yangu akasema hilo dogo, ananitafutia kadi, kama watu wanavyotafutiana ya homa ya manjano. Shangazi, huku kadi feki ni kufukuzwa siku hiyo hiyo, tena unaweza kuishia polisi. Kama uko kwenye viza ya sponsa (mwajiri ndiye anayekudhamini) ndo usithubutu hata kidogo, maana ukiondoka kazini sponsa anaripoti Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani inayosimamia viza, na kwa kawaida unabaki na siku 60 za kutafuta mwingine.

Kwa sasa hakuna kanuni ya korona, ila mwajiri bado anaweza kuweka chanjo kwenye mkataba, na msidhani mahakama itakuwa upande wenu moja kwa moja, mwanzoni mwa 2022 mahakama ya kazi ilisema nyumba moja ya wazee ilikuwa na haki kumfukuza mfanyakazi aliyekataa kuchanja. Anachotakiwa mwajiri kufanya ni kupima hatari ya kazi yenyewe, kukusikiliza, kuangalia kama kuna kazi nyingine, na kutokukubagua kwa ulemavu, dini au mimba. Hepataitisi B kama kazi yenyewe inakuweka karibu na damu, analipa yeye, ukiona wameikata kwenye peisilipi dai. Kama umechanja au hujachanja hiyo ni habari ya afya yako, haibandikwi kwenye grupu la WhatsApp la kazini kama walivyotubandika sisi. Jiunge na yunioni mapema kabla tatizo halijaanza, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa sheria na haki, ni bure.

Kitu kimoja kuhusu hawa wenyeji wetu. Bosi wa kwetu akikuchukia unajua, atafoka mpaka mlinzi wa getini asikie. Huyu wa huku anakuua na tabasamu, na kila kitu kimeandikwa, tarehe, saa, nani alikuwepo. Mimi zamani niliona ni ustaarabu, siku hizi naona ni kujikinga tu. Kwahiyo na wewe andika. Mkitoka kwenye kikao mtumie bosi imeili jioni ile ile, leo umeniambia hivi na hivi, mimi nimesema nina mimba.

Na karatasi ikisukumwa mezani usibishane, usilie, chai kunywa. Mwambie tu naomba niende nayo nyumbani nikaisome. Akisema lazima uisaini leo, mwambie akuandikie hiyo kwenye imeili.