Somo: Kuandika wasifukazi (CV) ukitoka jeshini kwenda kazi za uraiani

Somo hili ni la wastaafu wa JWTZ na wote waliomaliza mkataba. Ofisa ajira atakayesoma karatasi yako pengine hajawahi kuingia kambini. Hajui sajinitaji anamzidi nini koplo. Asipoelewa hatakupigia simu akuulize, atachukua karatasi inayofuata.

Hatua ya 1: Anzia kwenye tangazo la kazi. Pigia mstari vitenzi vyote: kupokea mizigo, kupanga zamu, kuandaa ripoti. Vile ulivyowahi kuvifanya kweli, vitumie kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo wasifu wa kuombea utunza stoo na wa kuombea usimamizi wa ulinzi haviwezi kuwa karatasi moja.

Hatua ya 2: Geuza majukumu yawe kazi. Hapa ndipo wengi wanapokwama, tumia jioni nzima. Cheo kiandike mara moja, kisha eleza ulichofanya kwa kitenzi na idadi.

"Mtunza bohari" iwe: "Nilitunza stoo ya sare, vitanda na vyombo, nilipokea mizigo, nikatoa vifaa kwa hati, nikaandika leja na kuhesabu stoo kila mwezi."

"Kamanda wa platuni" iwe: "Nilisimamia watu 30: zamu, nidhamu, mafunzo na ripoti ya kila siku."

Dereva ataje aina ya gari, tani, njia alizopita na miaka aliyoendesha bila ajali.

Ondoa "nilihusika na" na "nilishiriki katika", kwa sababu hayasemi mkono wako ulifanya nini. Idadi usiyoikumbuka usiibuni; kwenye usaili utaulizwa uifafanue.

Hatua ya 3: Chuja ya siri. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikomi siku unapovua sare. Taja watu uliowasimamia wewe, si idadi ya askari wa kikosi kizima. Silaha, maghala yake na mipango ya operesheni visionekane kabisa.

Hatua ya 4: Vyeti. Ufundi ulioupata karakana ya jeshi bila cheti cha kiraia una thamani ndogo kwenye karatasi, hata kama mikono yako ni hodari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Fundi umeme anahitaji leseni ya EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji), muuguzi usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anza kufuatilia kabla hujatoka, maana hivi havipatikani kwa wiki moja.

Hatua ya 5: Kurasa mbili, faili la PDF lenye jina lako. Wadhamini waombe ruhusa kwanza na uhakikishe namba zao zinapatikana, maofisa huhamishwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Afande, nilikuwa kwenye ulinzi wa amani Kongo. Niandikeje?
Jibu: Taja MONUSCO (misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo), mwaka na jukumu lako. Mashirika ya misaada yanaijua misheni hiyo. Ukiwa ulifanya kazi na wanajeshi wa mataifa mengine au raia wa pale, sema, na lugha mliyotumia. Mapigano yaache.

Swali: Niweke "Meja Mstaafu" mbele ya jina?
Jibu: Kwenye kampuni ya ulinzi cheo kinasaidia. Kwingine kiweke ndani, kwenye uzoefu. Mwajiri mdogo kwa umri anaweza kuhofia kwamba hutapokea maelekezo yake, na hofu hiyo hataitamka.

Swali: Nina kidato cha nne tu, nimetumikia miaka sita kama praiveti hadi koplo. Nitajaza nini?
Jibu: Ndugu, anza na uzoefu, elimu iende chini. Andika kozi zote za jeshini kwa jina, mwezi na muda: huduma ya kwanza, udereva, mawasiliano, upishi. Kupanda hadi koplo ni ushahidi kwamba ulikabidhiwa watu. Taja wangapi na kwa kazi ipi.

Swali: Nimekaa miezi 14 tangu nistaafu. Nifiche pengo?
Jibu: Usifiche. Kama ulilima au uliendesha duka, andika kama kazi: ekari ngapi, ulilima zao gani, uliuza wapi.