Chuo unachokipenda au chuo unachokimudu: hesabu ya kupiga kabla ya Mei 1

Nawasaidia wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani kujaza FAFSA, yaani fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha za chuo, na kusoma barua ambazo vyuo hutuma kueleza msaada huo. Kila Aprili nakuta ubishi uleule: kijana ameshakipenda chuo, mzazi anaogopa deni, na hesabu haijapigwa. Mwongozo huu unawahusu raia, wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi, kwa kuwa hao wanastahili mikopo ya serikali kuu. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hana mikopo hiyo, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Mzazi ataje kiasi kwanza

Afanye hivyo kabla barua hazijafika. Asiseme "tutaona Mungu akijalia", ataje tarakimu: kwa mwezi tunaweza kutoa dola ngapi bila kugusa kodi ya nyumba wala fedha za kumtumia bibi? Na je, yuko tayari kukopa kwa jina lake mwenyewe? Wazazi wetu wengi huona aibu kumweleza mtoto hali ya mfuko. Kijana naye, asipoambiwa, huamini fedha ipo.

Hatua ya 2: Ipasue barua

Hapa msiwe na haraka. Chukueni kalamu mbili za rangi. Kwa kijani, pigeni mstari chini ya msaada usiorudishwa: Pell (ruzuku ya serikali kuu), ruzuku ya jimbo, ruzuku ya chuo, skolashipu. Kila kilichobaki ni chekundu. Barua nyingi hukaa hivi (tarakimu nimezibuni, mpangilio ndio ninaouona):

Gharama zote kwa mwaka: dola 58,000
Ruzuku na skolashipu: 29,500
Mikopo ya mwanafunzi: 5,500
Work-Study: 3,000
Parent PLUS: 20,000
Salio: 0

Mzazi akiiona ile sifuri hushusha pumzi. Asishushe bado. Bei halisi ni gharama toa kijani, yaani 28,500 kwa mwaka, na hiyo yote mtailipa ninyi, leo au kesho.

Work-Study si punguzo la ada. Ni nafasi ya kufanya kazi chuoni, na mshahara huja kidogo kidogo kadiri saa zinavyofanywa, wakati bili ya muhula inadaiwa mwanzoni.

Zile 5,500 ndizo kikomo cha mkopo wa serikali kuu kwa mwaka wa kwanza, kwa mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya mzazi. Mwaka wa pili ni 6,500, wa tatu na wa nne 7,500 kila mmoja. Kwa miaka minne ni 27,000. Katika mwaka huo wa kwanza, zisizozidi 3,500 ndizo zinazoweza kuwa za aina ambayo serikali hubeba riba wakati kijana yuko masomoni, tena akionekana ana uhitaji. Zilizobaki huanza kuzaa riba tangu siku zinapotolewa.

Parent PLUS ni mkopo wa serikali kuu anaouchukua mzazi, kwa hiyo ni deni la mzazi. Mtoto akiahidi kulilipa, hiyo ni ahadi yenu ya nyumbani, mdai wenu haijui. Kuna pia makato ya zaidi ya asilimia 4 yanayotolewa kabla fedha haijafika chuoni. Na tazameni jambo hili: kwa sheria iliyopitishwa 2025, mzazi anayeanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026 hawezi kuzidisha dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, wala 65,000 kwa jumla kwa mtoto huyohuyo. Ukichukua 20,000 kwa miaka mitatu umefika 60,000. Mwaka wa nne umebakiwa na 5,000 tu, na kijana bado hajamaliza. Barua haisemi hilo, kwa sababu barua ni ya mwaka mmoja.

Hatua ya 3: Zidisha kwa minne, lakini kwa akili

Ada hupanda, ruzuku mara nyingi hubaki palepale. Piga simu ofisi ya msaada wa fedha uulize: skolashipu hii ni ya miaka minne au ya mwaka wa kwanza tu? Inataka GPA (wastani wa alama) ya ngapi? Akiikosa muhula mmoja, anaweza kurudishiwa? Omba majibu kwa barua pepe, maana maneno ya simu huyeyuka.

Hatua ya 4: Geuza deni kuwa malipo ya mwezi

Mtu akiambiwa "elfu sitini na tano" hashtuki. Mwambie malipo ya mwezi. Dola 65,000 za Parent PLUS, tuseme kwa riba ya asilimia 9 na kulipwa kwa miaka 20, ni karibu dola 585 kila mwezi. Mwisho wa safari mzazi atakuwa ametoa kama 140,000, na hapo sijagusa riba iliyojikusanya wakati mtoto anasoma. Mzazi mwenye miaka 50 leo aandike pembeni atakuwa na miaka mingapi deni likiisha.

Dola 27,000 za kijana, kwa riba ya asilimia 6.5, ni kama 307 kwa mwezi akizimaliza katika miaka 10. Hizo anayeanza kazi anaweza kuzibeba. Kwa hiyo msimamo wangu: mikopo ya serikali iliyo kwa jina la mwanafunzi, ndani ya vikomo vyake, siiogopi. Inayonitisha ni Parent PLUS, na zaidi yake mikopo ya benki, ambako mjomba au shangazi anaombwa kuweka saini ya udhamini. Kijana akishindwa kulipa, mjomba ndiye atakayetafutwa.

Hatua ya 5: Kata rufaa

FAFSA ya mwaka wa masomo 2026–27 hutazama mapato ya 2024. Kama mambo yamebadilika tangu hapo, chuo hakijui mpaka mkieleze. Andikeni barua fupi yenye ushahidi: "Mama alipunguziwa saa za kazi Oktoba 2025, kutoka 40 hadi 24 kwa wiki. Nimeambatisha hati za mshahara." Bili za hospitali zitajeni, na fedha mnazotuma kuwatunza wazee pia, pamoja na risiti. Kama chuo kingine cha hadhi hiyohiyo kimetoa zaidi, ambatisheni barua yake. Si lazima wakubali, ila kuomba hakumfutii mtoto nafasi yake, hofu ninayoisikia kila mwaka.

Hatua ya 6: Yapeni mapenzi bei

Tuseme chuo cha jimbo bei yake halisi ni 14,000 kwa mwaka. Kile cha kwanza ni 28,500. Tofauti kwa miaka minne ni dola 58,000. Sasa mwulizeni kijana, bila kejeli: unanunua nini kwa 58,000?

Jibu likiwa "mazingira mazuri", silipi. Akitaka uuguzi au ualimu, leseni ni ileile. Lakini kuna majibu ninayoyaheshimu: fani ambayo chuo cha pili hakina, au chuo ambacho wengi humaliza kwa miaka minne wakati kile cha rahisi wanakaa sita. Miaka miwili ya ziada hula karibu nusu ya punguzo hilo. Fungueni College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu, mlinganishe kiwango cha wanaomaliza katika chuo kizima, kisha deni lao na mapato yao kwa fani husika na si kwa jina la chuo.

Njia ya kati ni miaka miwili ya chuo cha jamii (community college), kisha kuhamia chuo kikubwa. Ni nzuri pale tu penye makubaliano ya uhamisho yaliyoandikwa yanayotaja masomo yatakayopokelewa.

Hatua ya 7: Kubali kwa kiasi

Vyuo vingi vinataka amana ifikapo Mei 1. Ukishachagua, ingia kwenye akaunti yako ya chuo: kila mkopo una sehemu yake ya kukubali, kukataa, au kupunguza kiasi. Ukihitaji 3,000, usibonyeze 5,500 kwa sababu tu zimeandikwa hapo. Na mkopo wa serikali kuu ukishatolewa kisha mkaona umezidi, ziada ikirudishwa ndani ya siku 120 haitozwi riba wala makato.