Kuvalisha jengo la zamani paneli za aluminiamu: anza na taa

Wadau wa Arusha na Moshi, kama una ghorofa au fremu za biashara za zamani na unataka kuzipa sura mpya kwa zile paneli wengi tunaziita Alucobond (hata kama kampuni ni nyingine), usikimbilie rangi ya paneli. Anza na taa. Simama ng'ambo ya barabara giza likiingia, amua mwanga utokee wapi na upige wapi, kisha fundi umeme apitishe paipu na waya kabla ukuta haujafunikwa, maana waya ukisahaulika hapo ni kutoboa paneli mpya.

Ukuta gonga gonga, plasta iliyoachia ng'oa, panapovuja ziba kabisa. Fremu ya kushikia paneli ikiwa ya skwea paipu za chuma ipigwe redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mpaka kwenye maungio ya kuchomelea, na kati ya chuma na aluminiamu uweke mpira, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana halafu masika ya Machi mpaka Mei ikalowesha, aluminiamu inaliwa taratibu huku nje panang'aa tu.

Dukani uliza katikati ya paneli kuna nini. Nyingi zina unene wa milimita 4, na zile za bei chee mara nyingi katikati ni plastiki tupu inayoshika moto vibaya sana. Grenfell Tower kule London iliungua 2017 wakafa watu 72, na paneli za aina hiyo ndizo zilizosambaza moto ukutani. Chukua zenye kiini kinachozuia moto, hapa msibane hela jamani.

Sasa geuza paneli uangalie ile nailoni ya juu, ina mishale. Mishale yote ielekee upande mmoja, hasa rangi za silva na za kung'aa, la sivyo jua la saa tisa likipiga utaona paneli moja nyeupe na jirani yake kama chafu wakati zimetoka boksi moja. Nailoni yenyewe itolewe mapema, ikikaa juani wiki kadhaa inagandamana inabaki vipande vipande. Acha nafasi kama milimita 10 kati ya paneli, ya mita 2.44 inarefuka zaidi ya milimita 2 joto likipanda kwa nyuzi 40, ikikosa pa kwenda inavimba.

Kwenye taa, paneli inayong'aa kama kioo itaonyesha balbu yenyewe, mi napendelea isiyong'aa. Taa ikikaa sentimita 20 tu kutoka ukutani inaanika kila bonde, kwa hiyo kama fremu haikunyooka sawasawa isogeze mbali. Mwanga wa 3000K (ule wa njano njano) unatulia vizuri, taa za nje ziwe IP65, yaani zisizoingia vumbi wala maji ya mvua. Stripu (taa za LED za utepe) ya volti 12 ukivuta zaidi ya mita 5 mwisho unafifia, ilishe pande zote mbili au chukua ya volti 24. Stripu ya wati 60 ipe transfoma ya wati 80, na transfoma isizikwe nyuma ya paneli, iwekwe mkono unapofika bila kubomoa kitu.

Silikoni ya kuziba nafasi kati ya paneli isipigwe kwanza. Washa taa zote usiku, rudi ng'ambo ya barabara na fundi wako, kila paneli yenye bonde itaonekana, ilegezwe ipangwe upya, ndo umalizie hela yake.